Kumkunja Ng'onda

Tulikuwa tumeiacha Mokowe nyuma, tunaikabili Lamu, pale mashine ilipoanza kugonga.

Haikuwa kelele kubwa. Ulikuwa mlio mkavu, wa haraka haraka, kama mtu anayegonga sufuria tupu kwa mpini wa kijiko. Abiria hawakuusikia, walikuwa katika mazungumzo yao, na mama mmoja alikuwa akimfunika kuku wake asilowe. Mjomba, aliyeshika mashine, aliusikia kabla yangu. Alipunguza gesi, akainamisha sikio, kisha akazima kabisa. Tukabaki tunaelea, maji yakipigapiga ubavuni.

"Mafuta haya yana mkono wa mtu," alisema.

Alifungua jerikeni, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Kisha akanipa mimi. Petroli hukauka kidoleni upesi na kuacha ubaridi. Hii iliacha utelezi, na harufu ya koroboi.

Tulifika mjini kwa mwendo wa kobe. Siku ya tatu fundi alipoifungua mashine, akaniita: "Ndoo uone." Kichwa cha pistoni kilikuwa na vishimo vidogo vidogo ukingoni, kama embe lililodonolewa na ndege.

Mjomba alikitazama kile kipande cha chuma muda mrefu, kisha akanigeukia. "Wewe wasomesha mambo haya. Petroli yawaka, mafuta ya taa yawaka. Kwa nini haya yaniulie mashine na ile isiniulie?"

Nikamwambia ni habari ya namba ya okteni. Mafuta ya taa yana okteni ya chini.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni asiyejua njia. Hakuuliza tena.

Ni kule kuitikia kwake ndiko kulikonisumbua wiki nzima, na wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Nilikuwa nimempa jina la kitu badala ya kitu chenyewe.

## Umbo tu

Okteni ni kipimo cha jinsi mafuta yanavyovumilia kubanwa na joto bila kulipuka yenyewe. Chukua hekseni, mojawapo ya vimiminika vilivyomo ndani ya petroli. Atomi 6 za kaboni, atomi 14 za haidrojeni. Ukizipanga kaboni hizo kwa mstari mmoja, kama shanga uzini, unapata kimiminika chenye okteni ya 25 hivi, kisichofaa kutiwa peke yake katika mashine yoyote ya kisasa. Sasa chukua atomi zile zile, lakini kaboni 4 ziwe uti wa mgongo na 2 zitokeze kando kama matawi, zote mbili kwenye kaboni moja. Okteni inapanda hadi 92 hivi.

Hukuongeza kitu. Hukupunguza kitu.

Nimefundisha jambo hili miaka mingi, ukurasa wa isoma, molekuli zenye atomi zile zile kwa maumbo tofauti, wanafunzi wakichora vijiti ubaoni. Lakini sikuwahi kuliunganisha na vile vishimo vya pistoni. Ndani ya silinda, plagi ikitoa cheche, moto huanza upande mmoja na kusambaa. Mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto hubanwa kwenye kona, na ukibanwa hupata joto. Mnyororo mnyoofu hauwezi kungoja. Una kaboni nyingi zilizokaa wazi katikati, oksijeni huzishambulia kwa urahisi, vipande vyake huambukizana, na ghafla kona nzima hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake. Huo ndio mlio wa sufuria niliousikia baharini. Molekuli yenye matawi huvumilia joto lile lile hadi moto umfikie kwa heshima.

Miaka ya 1920 mkemia Mmarekani Graham Edgar ndiye aliyeweka kipimo tunachokitumia hadi leo: hepteni nyoofu, yenye kaboni 7, ikapewa 0, na molekuli moja iitwayo okteni, yenye kaboni 8 na matawi matatu, ikapewa 100. Mafuta ya taa yamejaa minyororo mirefu kuliko hepteni, na mingi ni minyoofu. Ukiyamwaga ndani ya petroli umeingiza watu wasioweza kungoja.

Nikawaza jinsi Kiswahili chetu kinavyokipenda kilichonyooka. Mtu mnyoofu, njia iliyonyooka, mambo yamenyooka. Kilichopinda tunakishuku. Lakini nenda Matondoni wanakounda vyombo, uulize mti wa mataruma, yaani mbavu za chombo. Fundi hatafuti ulionyooka. Anazunguka msituni akitafuta tawi lililojipinda lenyewe, kwa sababu taruma lililochongwa kutoka kwenye mti mnyoofu hukatika kwenye mawimbi.

## Miaka ya risasi

Kabla watu hawajajua vizuri kuzikunja molekuli, walichukua njia ya mkato. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba risasi kidogo iliyoyeyushwa ndani ya petroli huzuia kugonga huko. Basi dunia nzima ikatia risasi katika mafuta.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Nilikulia Mombasa kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, nyumba yetu ikitazamana na kituo cha matatu, na nikifikiria ule moshi tuliocheza ndani yake, risasi ikiingia katika vifua na bongo za watoto, hasira hunipanda hata sasa. Umbo lilikuwepo tangu mwanzo. Ilikuwa rahisi zaidi kutia sumu.

## Samaki mkunje angali mbichi

Methali hii kila mtu anaijua, na kila mtu huitumia kwa watoto. Mimi nimeipata upya mahali nisipotarajia.

Haidrokaboni nyoofu, yaani mnyororo wa kaboni na haidrojeni tu, ni ng'onda, samaki aliyepasuliwa akakaushwa. Kila kaboni imeshiba haidrojeni, haina njaa ya kitu, haimjibu mtu. Ukijaribu kuikunja kwa moto mtupu itakatika, kama ng'onda wa papa anavyokatika mikononi. Utapata vipande vifupi, gesi, na masizi. Hutapata tawi.

Kwa hiyo lazima kwanza arudishwe kuwa mbichi.

Kazi hiyo hufanywa na platinamu, metali ya thamani, vipunje vidogo mno vilivyonyunyizwa juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuliwa. Molekuli ikitua juu ya platinamu hunyofolewa haidrojeni mbili kutoka kaboni mbili jirani, na hapo katikati pakabaki kifungo maradufu. Sasa ana jeraha, na jeraha ndilo ubichi wake. Anaondoka kwenye platinamu, anatangatanga mpaka anakutana na asidi. Asidi inamkopesha protoni. Kwa muda usiopimika kwa jicho wala saa, kaboni tatu hushikana kama pembetatu, na pembetatu inapofunguka, hufunguka kwa upande mwingine. Kaboni iliyokuwa kwenye mstari sasa imesimama kando. Tawi.

Kisha anairudisha protoni ya watu, anarudi kwenye platinamu, anapewa haidrojeni zake mbili. Anakaushwa tena. Anatoka ng'onda kama alivyoingia, uzito ule ule, ila amekunjika.

Nilipoielewa hivi nilikaa kimya barazani kwa muda. Hakuna nguvu iliyotumika. Kumetumika kulainisha, kukunja, na kukausha, kila moja kwa mkono wake, na hakuna mkono mmoja ungeweza kuifanya kazi yote. Platinamu peke yake, kwa joto hilo, karibu haikunji. Asidi peke yake ingemkunja lakini ingeziba kwa masizi upesi.

Hatari iko katikati ya safari. Aliye mbichi akikaa na asidi kupita kiasi atakunjwa mara ya pili, ya tatu, na mwenye matawi mengi hukatika kwa wepesi kuliko mwenye moja. Ndiyo maana wataalamu walihangaika sana na swali la umbali: platinamu na asidi zikae karibu kiasi gani?

Nitalirudia. Ndilo lililonikosesha usingizi.

## Jiwe lenye vichochoro

Asidi yenyewe haiko katika chupa. Iko ndani ya jiwe.

Mwaka 1756 Mswidi Axel Cronstedt alipasha moto madini fulani akayaona yanatoa povu, kana kwamba jiwe linachemka. Akayaita zeolaiti, kwa Kigiriki jiwe lichemkalo. Maji yalikuwa yamejificha katika matundu yaliyopangika ndani yake, matundu madogo kiasi kwamba unywele mmoja una upana zaidi yake kwa takriban mara laki moja. Kuta za matundu hayo ni silikoni na oksijeni, na kila aluminiamu inapochukua nafasi ya silikoni, ukuta hubaki na upungufu unaozibwa na protoni. Protoni hiyo ndiyo asidi yetu.

Kenya nayo ina sehemu katika habari hii. Madini yaitwayo magadiaiti, yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, yamepewa jina la Ziwa Magadi yalikopatikana. Si zeolaiti, ni silika ya tabaka tabaka, lakini maabarani yameweza kugeuzwa kuwa zeolaiti. Huwaambia wanafunzi wangu jambo hili kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja ambaye huacha kuandika akaniangalia.

Kwa petroli nyepesi, iliyo na kaboni 5 na 6, zeolaiti iliyozoeleka ni modenaiti yenye platinamu, kwenye joto la nyuzi 250 hivi na haidrojeni ya kutosha. Hapa kuna uchungu wa asili: kadiri joto linavyopungua ndivyo matawi yanavyopendelewa, na kadiri linavyopanda ndivyo minyororo inavyorudi kunyooka. Kipo kichocheo kingine, cha alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, iliyotiwa klorini, kinachofanya kazi chini ya nyuzi 200 na kutoa matawi mengi zaidi. Lakini maji kidogo tu hukiua. Zeolaiti hustahimili uchafu na unyevu, na gharama yake ni kutaka joto zaidi.

Mimi ningechagua jiwe. Naishi kisiwani, najua unyevu unavyokula vitu.

Kwa minyororo mirefu zaidi mambo huwa matamu. Zeolaiti nyingine, kama ile iitwayo ZSM-22, ina vichochoro vyembamba kiasi kwamba molekuli ndefu haipenyi yote kwa urahisi. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba huingiza ncha tu kwenye mdomo wa kichochoro, ncha ikakunjwa, ikatoka. Hakuna nafasi ya kukunjwa mara tatu, basi haikatiki. Ukitaka kuona picha yake simama Usita wa Mui asubuhi, punda mwenye boriti ndefu anapojaribu kukata kona. Kichwa kinaingia, boriti zinakataa.

## Karibu kiasi gani?

Mwaka 1962 Paul Weisz, wa kampuni ya Mobil, aliandika sharti la ukaribu: platinamu na asidi lazima zikae karibu vya kutosha ili yule aliye mbichi asipotee njiani. Vizazi vya wakemia vikalisoma sharti hilo kwa ufupi: kadiri mnavyokaribiana ndivyo bora.

Mimi pia nilikuwa nalisoma hivyo. Wiki chache baada ya mashine kugonga, nilichora kichocheo ubaoni kwa Kidato cha Nne, nje kabisa ya silabasi, kwa sababu sikuweza kufikiria kitu kingine. Nikachora platinamu na asidi zimeshikana kama pacha. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, karibu kiasi gani?"

Nikamjibu, "Kadiri iwezekanavyo."

Usiku ule swali lilinirudia kwa sauti yake, nikaanza kusoma. Nikaikuta kazi iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2015, ya Jovana Zečević na wenzake wa Utrecht na Leuven. Walitengeneza kichocheo cha zeolaiti iliyochanganywa na alumina, wakaweza kuamua platinamu iketi wapi: ndani kabisa ya fuwele za zeolaiti, ikigusana na asidi, au nje kwenye alumina, nanomita kadhaa kutoka kwa asidi. Atomi za platinamu ni zile zile. Nyumba tu ndiyo iliyobadilika.

Platinamu ya nje ilishinda. Matawi yalikuwa mengi zaidi, na molekuli zilizokatika zilikuwa chache.

Niliisoma mara tatu. Platinamu ikiwa ndani kabisa, molekuli kubwa hulainishwa zikiwa zimezama kwenye vichochoro, na njia ya kutoka ni ndefu, imezungukwa na asidi pande zote. Hukunjwa, hukunjwa tena, hukatika kabla ya kuuona mlango. Platinamu ikiwa nje, molekuli hulainishwa nje, huingia kidogo, hukunjwa karibu na uso wa jiwe, hutoka.

Waliolelewa katika nyumba za mawe za hapa wanaijua hekima hii bila kuambiwa. Mgeni hapokewi ndani. Kuna daka, ukumbi wa mlangoni, kuna mabaraza yake mawili ya mawe. Hapo hukaa, hunywa kahawa, shida yake hutatuliwa, huondoka. Walio ndani wanasikia kila kitu. Ukaribu upo. Lakini aliyejenga nyumba alijua kwamba si kila jambo linalopona likiingizwa chumbani.

Asubuhi nilirudi darasani nikafuta mchoro. Nikachora platinamu dakani. Nikamwambia yule msichana jibu langu la jana lilikuwa na kasoro, nikawaeleza wote kwa nini. Alichora upya daftarini bila kusema neno, akapigia mstari neno "nje".

## Nta inayoelekea kwetu

Wakati wa kusi, chupa ya mafuta ya nazi jikoni kwa mama huamka imeganda nyeupe. Huiweka juani kidogo, inarudi kuwa maji. Minyororo minyoofu hupenda kulala pamoja kama boriti kwenye rundo, ubavu kwa ubavu, na ikilala hivyo huganda.

Mafuta ghafi ya Turkana yako hivyo hivyo. Yaligunduliwa Machi 2012 katika kisima cha Ngamia-1, na yamejaa nta. Yalipopelekwa Mombasa kwa malori, ilibidi yahifadhiwe na joto lake yasigande. Shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019. Na bomba lililopangwa kutoka Lokichar, la zaidi ya kilomita 800 na lenye kupashwa joto njiani, mwisho wake ni hapa. Lamu.

Nta ni minyororo minyoofu mirefu tu. Kinachohitajika ni tawi moja katikati ya mnyororo, na boriti hazilali tena. Zamani nta iliondolewa kwa kugandishwa na kuchujwa, au kwa kuikatakata. Mwaka 1993 Chevron walianza kuikunja badala ya kuikata, kwa platinamu juu ya molekuli-chujio iitwayo SAPO-11, na nta ikageuka oili nzuri ya injini.

Ndege nazo zinategemea jambo hili. Mafuta ya mimea yakiondolewa oksijeni huacha minyororo minyoofu. Mnyororo wenye kaboni 18 huyeyuka kwenye nyuzi 28, yaani usiku wa kusi ungeganda hata katika chumba changu. Mafuta ya ndege ya Jet A-1 hayaruhusiwi kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Bila kukunjwa hayaruki. Mbarika zinazokamuliwa Makueni kwa ajili ya Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, husafirishwa mafuta yake hadi Gela, Italia, na huko ndiko hukunjwa.

Hapa moyo wangu hugawanyika. Napenda kemia hii. Lakini nyuma ya Malindi, Dakatcha, kulikuwa na mpango wa kufyeka msitu kwa maelfu ya hekta ili kupandwa mbono, yaani jatrofa, na wenyeji wakasimama wakakataa, na walikuwa na haki. Uzuri wa kichocheo hauanzi kuhesabiwa kwenye kiwanda. Unaanza kwenye shamba la mtu.

Na kuna jingine linaloniuma zaidi. Kiwanda cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Tangu hapo kila tone la petroli tunalochoma limekunjwa kwingine. Bomba likifika, nta ya Turkana itapita mlangoni kwetu ikiwa moto, ipande meli, na siku moja irudi Mokowe ndani ya jerikeni, imekunjwa na watu wengine, imechanganywa na mkono wa mtu. Wanafunzi wangu wanaweza kuichora kazi hiyo yote ubaoni. Hakuna mahali pa karibu wanapoweza kwenda kuifanya.

## Jibu

Jumamosi iliyopita nilimfuata mjomba pwani. Alikuwa amekaa juu ya dau lililopinduliwa, na kando yake mvulana akianika samaki. Nilichukua ng'onda mmoja, nikamwambia, haya ndiyo mafuta ya taa. Kisha nikachukua mbichi aliyepasuliwa sasa hivi, nikamkunja. Nikaeleza yote, polepole, platinamu nikiiita fundi wa kulainisha.

Alisikiliza hadi mwisho. Safari hii hakuitikia kwa kichwa.

"Na yule fundi wa kwanza," akauliza, "ile haidrojeni aliyoitoa, aiweka wapi hata amrudishie?"

Nilimwambia haimilikiwi na mmoja. Ndani ya chombo kuna haidrojeni tele, wanakopa na kulipa humo humo.

"Basi ni kama sanduku la mchango wa mazishi," alisema. "Watia, watoa."

Akasimama, akasukuma mashua. Mashine ilikuwa na pistoni mpya, na petroli alikuwa ameinunua mwenyewe, akaichovya kidole na kuingoja ikauke kabla ya kulipa. Tulipofika mkabala wa Shela akapunguza gesi, akainamisha sikio, nami nikainamisha langu.